Zawadi ya Mwenye Kamari: Somo juu ya Watoa Leseni na Wagombea



Somo la mwezi huu twawapa wazee wa kanisa, walimu wa Injili, na kila Mkristo apendaye kujifunza. Twataka kulitazama jambo ambalo watu hulitaja kwa kunong'ona tu. Nalo ni fedha itolewayo na wenye biashara ya kamari kuwasaidia watu wagombeao udiwani na uenyekiti wa kijiji, yaani watu ambao kesho watakuwa na neno juu ya biashara ile ile. Twauliza: Je, yafaa fedha hiyo ipokelewe? Na kama haifai, izuiwe kwa njia gani?

Jibu letu ni hili: Mtu atoaye ruhusa asilishwe na mtu aombaye ruhusa. Tena mpaka huo uwekwe mapema, kwa sheria na kwa desturi njema, kabla zawadi haijafika mlangoni. Maana ikiisha kufika, hata mtu mwema huona vigumu kuirudisha.

Kabla ya kuendelea, someni kwanza Mwanzo 14:17–24. Kumbukumbu la Torati 16:18–20. 1 Samweli 8:1–5 na 12:1–5. Na Matendo ya Mitume 24:22–27.

I. Hali ya mahali petu

Bulyanhulu iko karibu na Kakola, katika Halmashauri ya Msalala, mkoa wa Shinyanga. Dhahabu iliwavuta watu hapa tangu miaka ya 1970. Wachimbaji wadogo walichimba mpaka mwaka 1996, walipoondolewa. Na mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Upande wa Geita nako, katika Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, watu wengi hutafuta riziki mashimoni, na mji wa Katoro hukua kwa biashara yao.

Mkulima wa pamba hungoja msimu wake. Hujua kwa kadiri atapata nini, na lini. Lakini mchimba dhahabu aweza kupata leo fedha ya miezi 3, na wiki ijayo asipate hata nauli ya kwenda kwao. Kazi yenyewe humzoeza kuitazamia bahati. Kwa hiyo mwenye kamari apendapo kutega mtego, huutega hapo penye dhahabu: mashine za kutumbukiza sarafu, ambazo vijana huziita bonanza, vibanda vya kubashiri mechi za mpira, na siku hizi simu ya mkononi, ambayo mtu hulala nayo kitandani mwake.

Sasa, ni nani atoaye ruhusa? Tulieleze vema jambo hili, kwa maana wengi hulichanganya. Leseni ya kamari yenyewe hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003. Lakini mashine haielei hewani. Husimama katika baa au katika duka, na leseni za biashara ya namna hiyo na za kuuza vileo hushughulikiwa na halmashauri. Maofisa wa halmashauri ndio wakaguao. Madiwani ndio wanaotunga sheria ndogo na kuwasimamia maofisa hao. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake ndio wakaao karibu na baa. Hao ndio waonao kama mtoto aliye chini ya miaka 18 aingia kucheza, jambo lililokatazwa na sheria. Na hao ndio wawezao kupeleka habari au kunyamaza. Basi, ingawa karatasi kubwa yatoka mbali, macho ya kuitunza yako hapa kijijini. Macho hayo ndiyo mwenye kamari atakayo kuyafumba.

Tutoe mfano wa hesabu tu, pasipo kumshitaki mtu awaye yote. Tuseme mtu ana mashine 10, na kila moja humwachia shilingi 20,000 kwa siku. Hizo ni shilingi 200,000. Ni sawasawa na wachimbaji 40 waliopoteza shilingi 5,000 kila mmoja. Sasa mtu huyo akitoa shilingi milioni 3 kwa ajili ya fulana, mafuta ya gari na vipaza sauti vya mgombea udiwani, ametoa mapato ya siku 15 tu. Kwake ni jambo dogo. Kwa mgombea ni kampeni nzima. Hapo twaona kwa nini hatari ni kubwa zaidi katika vyeo vidogo kuliko vyeo vikubwa: diwani hununuliwa kwa bei rahisi kuliko waziri, wala hapana mwandishi wa magazeti wa kumtazama.

II. Kwa nini kamari hasa?

Mtu ataweza kusema: Mbona hamsemi juu ya mwenye duka la nguo, au mwenye kinu cha mpunga? Nao huomba leseni. Twajibu kwa sababu tatu.

Kwanza, thamani yote ya biashara ya kamari imo katika ruhusa. Mwenye kinu akinyang'anywa leseni, bado ana kinu, na mpunga wahitaji kukobolewa, watu watamtetea. Mwenye mashine za kamari akinyang'anywa leseni hana kitu. Kwa hiyo hana budi kumpenda mtoa ruhusa kuliko ampendavyo mnunuzi wake.

Pili, faida yake huongezeka kadiri jirani apatavyo hasara. Mwenye duka akiuza nguo, mnunuzi hurudi nyumbani na nguo. Mwenye kamari akipata faida, mchezaji amerudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wakalala na njaa. Basi mtoa ruhusa amewekwa hasa kuilinda nyumba ile isiyo na sauti. Akilishwa na mwenye kamari, ni kama mchungaji wa ng'ombe aliyekula nyama pamoja na fisi: usiku fisi ajapo, atapata wapi uso wa kumfukuza?

Tatu, biashara hii ni ya fedha taslimu, sarafu juu ya sarafu, pasipo mali inayoonekana ikiingia na kutoka. Ni vigumu kuhesabu kilichoingia, na ni vigumu kujua kilichotoka kimekwenda kwa nani.

III. Neno la Mungu latufundisha nini?

Torati haikutosheka kumkataza mwamuzi asihukumu kwa udhalimu. Ilikwenda nyuma hatua moja ikakataza zawadi yenyewe, na sababu ikatolewa: zawadi hupofusha hata macho ya wenye hekima. Tazameni vizuri. Haikusemwa kwamba zawadi huwapofusha wapumbavu au wabaya tu. Huwapofusha wenye hekima. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mimi najijua, nitapokea lakini sitapendelea." Kipofu hajioni kwamba haoni.

Wana wa Samweli waliwekwa kuwa waamuzi kule Beer-sheba, wakapokea rushwa. Tukisoma kwa haraka twadhani hasara ilikuwa hukumu chache zilizopotoshwa. Lakini hasara ilizidi hapo. Watu waliukatia tamaa utaratibu wote wa waamuzi, wakaomba mfalme. Hivi ndivyo ilivyo hata leo: mwenyekiti mmoja akijulikana kuwa mtu wa mwenye kamari, watu hawasemi, "Mwenyekiti huyu ni mbaya." Husema, "Serikali ndiyo ilivyo." Na mtu akiisha kusema hivyo, haendi tena mkutanoni. Samweli mwenyewe, alipokuwa mzee, alisimama mbele ya watu wote akawataka waseme kama alitwaa ng'ombe wa mtu au kupokea cho chote cha kumfumba macho. Wakamshuhudia kwamba hakufanya hivyo. Huo ndio utoaji wa hesabu hadharani.

Feliki, liwali wa Kirumi, alimweka Paulo kifungoni miaka 2. Luka ateleza sababu moja: alitumaini kwamba Paulo atampa fedha. Paulo hakutoa, wala Feliki hakupokea. Hata hivyo haki ilichelewa. Basi tumaini peke yake latosha kuipotosha kazi. Mtu asemapo, "Sijapokea kitu, ni ahadi tu," yafaa akumbushwe habari za Feliki.

Tena iko habari ya Abramu na mfalme wa Sodoma. Abramu alikuwa amerudisha watu na mali kutoka vitani. Mfalme akamwambia azichukue mali. Desturi ya siku zile ilimruhusu, wala hapana sheria iliyomkataza. Abramu akakataa, hata uzi na gidamu ya kiatu, ili mfalme yule asipate kusema kwamba yeye ndiye aliyemtajirisha. Hilo ndilo swali limpasalo kila mgombea Mkristo: Si kuuliza tu, "Je, sheria yaniruhusu kupokea?" bali, "Kesho ni nani atakayesema, Mimi ndiye niliyemweka?"

Dk. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, aliihesabu serikali njema pamoja na chakula, mavazi na nyumba. Hatuombi ugali peke yake. Twaomba na mtawala mwaminifu, maana penye mtawala mwovu hata ugali hautufikii. Basi auzaye wajibu wake wa kulinda kwa msaada wa kampeni, ameiba katika mkate wa kila siku wa jirani zake. Nayo Amri ya Saba yamhusu yeye kama imhusuvyo mwivi wa mbuzi.

IV. Sheria ya nchi yetu ilivyokwenda

Nchi yetu imekwisha kupita katika njia hii, na yafaa vijana waijue habari. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu ukarimu wa desturi wakati wa kampeni. Watu wakauita takrima. Neno ni zuri, maana yake kumheshimu mgeni. Lakini matumizi yake yaligeuka: chakula, pombe, nguo na fedha zikagawiwa kwa jina la desturi. Mashirika matatu ya kutetea haki, nayo ni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, chama cha wanasheria wa mazingira LEAT, na chama cha wanasheria NOLA, yakapeleka shauri katika Mahakama Kuu. Mwezi wa Aprili 2006 majaji Kimaro, Massati na Mihayo walihukumu kwamba vifungu vile vilipingana na Katiba. Sababu moja iliyotolewa ilikuwa usawa: mgombea maskini hawezi kushindana na mgombea tajiri kwa ukarimu, wala mpiga kura hachagui kwa uhuru akiisha kulishwa.

Baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Hiyo yaweka mpaka wa gharama, na yawataka vyama na wagombea watoe hesabu ya michango na matumizi yao kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Pamoja nayo iko Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo TAKUKURU huitumia, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, iwatakayo viongozi watangaze mali zao na wajiepushe na mgongano wa maslahi.

Angalieni tofauti. Shauri la takrima lilihusu zawadi itokayo kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura. Somo letu lahusu zawadi itokayo kwa mfanya biashara kwenda kwa mgombea. Lakini mto ni mmoja. Fulana na pilau alizogawa mgombea zilinunuliwa kwa fedha ya mtu. Tukizuia bomba la chini, nalo la juu likaachwa wazi, maji yatatafuta njia nyingine. Njia ya sheria yetu juu ya michango ni kuitangaza na kuiwekea kipimo. Zipo nchi zilizokwenda mbele zaidi, zikasema: kwa biashara ya kamari, msitoe kabisa.

V. Mifano ya nchi nyingine

Huko Marekani, katika jimbo la New Jersey, watu walipiga kura mwaka 1976 kuruhusu kasino katika mji wa Atlantic City. Mwaka uliofuata, 1977, kabla kasino ya kwanza haijafunguliwa, wakatunga sheria: wenye leseni ya kasino na wakuu wao wa kazi wasitoe mchango wo wote kwa mgombea wala kwa chama katika jimbo lile. Kasino ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1978. Tazameni utaratibu: walijenga ua kwanza, ndipo wakaleta ng'ombe. Mwaka 1989 mahakama ya jimbo iliithibitisha sheria hiyo.

Je, rushwa ikaisha? La. Mwaka 1980 ilifichuka kwamba Angelo Errichetti, meya wa mji wa Camden na tena seneta wa jimbo hilo, alipokea fedha kwa watu waliojifanya wajumbe wa tajiri wa Kiarabu, akaahidi kuwasaidia wapate leseni ya kasino. Kumbe walikuwa wapelelezi wa serikali. Akatiwa hatiani. Basi katazo la michango halimgeuzi mwivi kuwa mtakatifu. Lakini humvua vazi lake: fedha ile haiwezi tena kuitwa msaada wa kampeni, hubaki kuitwa rushwa.

Katika jimbo la Louisiana gavana wa zamani, Edwin Edwards, alitiwa hatiani mwaka 2000 kwa kuwatoza watu fedha kwa ajili ya leseni za kasino za merikebuni. Alianza kifungo chake mwaka 2002. Mwaka huo huo mahakama ya juu ya jimbo ilithibitisha sheria iliyowakataza wenye kasino hizo kutoa michango ya siasa.

Lakini hatutaki kuwaficha upande wa pili. Jimbo la Pennsylvania lilitunga katazo kama hilo mwaka 2004. Mwaka 2009 mahakama ya juu ya jimbo ikalibatilisha, kwa kuwa sheria ilisema yazuia michango mikubwa, lakini maneno yake yalikataza hata mchango mdogo kabisa. Bunge likairekebisha, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikalibatilisha tena. Majaji walikubali kwamba kuzuia rushwa ni sababu nzuri, bali serikali haikuonyesha kwa ushahidi kwamba ililazimu kukataza kila mchango wa kila mtu. Hapo twajifunza kwamba dawa hupimwa kwa ugonjwa. Sheria iliyoandikwa ovyo huanguka, na ikianguka humpa nguvu yule iliyotaka kumzuia.

Kenya, jirani zetu, wana habari iliyo karibu zaidi nasi. Katiba yao ya mwaka 2010 iliweka usimamizi wa kamari na kasino miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, yaani karibu na wananchi. Mwaka 2013 wakatunga sheria ya fedha za kampeni. Walakini mipaka ya michango haikutumika katika uchaguzi wa 2017 wala wa 2022. Mwaka 2021 Bunge lilizikataa kanuni zilizoletwa na tume ya uchaguzi. Basi madaraka ya leseni yalishuka chini, lakini ulinzi wa fedha haukushuka pamoja nayo. Nasi tukiomba madaraka yasogezwe karibu, tuombe na ulinzi uje pamoja.

VI. Maneno ya wapingao

Wa kwanza husema: "Biashara yangu ni halali, nalipa kodi, mbona nikatazwe lililo ruhusa kwa wengine?" Twajibu: Kodi hulipwa kwa hazina ya wote, kwa stakabadhi, na haimchagui mtu. Vivyo hivyo mgodi ulipapo ushuru wa huduma kwa halmashauri, fedha huandikwa vitabuni, na mwananchi aweza kuuliza imefanya nini. Mchango kwa mtoa ruhusa humwendea mtu mmoja, nao humdai shukrani. Wala katazo halimnyimi mwenye biashara kura yake, wala kinywa chake mkutanoni. Lamzuia mkono wake tu, na hapo penye leseni yake tu.

Wa pili husema: "Mgombea maskini atapata wapi msaada? Mkono mtupu haulambwi." Twajibu: Mithali hii ndiyo hasa ushahidi juu yetu. Ikiwa mkono mtupu haulambwi, basi aliyejazwa mkono amekwisha kulambwa, na deni liko. Maskini husaidiwa kwa gharama kushushwa kwa wote, na kwa watu wengi kutoa kidogo kidogo. Shilingi 1,000 za watu 3,000 ni milioni 3 zile zile, lakini hapana mmoja kati yao awezaye kuja usiku kudai malipo.

Wa tatu husema: "Mkikataza, watatoa gizani." Kweli, wengine watatoa. Lakini leo watoa mchana, watu wakapiga makofi. Mtu akilazimika kujificha amekwisha kukiri kwamba tendo lake ni baya, na mashahidi wake wamepata neno la kusema.

Kwa hiyo twaona sheria ifaayo ingekuwa na kipimo hiki: iwahusu wenye leseni ya kamari, wakuu wa kazi zao, na waombao leseni; iwahusu kwa wagombea na viongozi wa mahali pale biashara ilipo; itaje na ahadi pamoja na fedha; michango yote ya kampeni ibandikwe ubaoni katika ofisi ya halmashauri; na atoaye kwa siri apoteze leseni yake. Adhabu hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu, maana yagusa kile anachokipenda.

VII. Yatupasayo sisi

Hatuwezi kungoja sheria ndipo tutende mema. Yako mambo tuwezayo kuyafanya sasa.

1. Katika sharika zetu. Nyumba ya Mungu hujengwa kwa changizo, nasi twashukuru. Lakini baraza la wazee na liulize fedha yatoka wapi, hasa katika mwaka wa uchaguzi. Mwezi wa Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha fedha ambazo Rais William Ruto na Gavana Johnson Sakaja waliitolea parokia ya Soweto, likasema kanisa lisitumiwe kwa siasa. Ikiwa wao walirudisha zawadi ya Rais, sisi tutashindwaje kukataa mabati ya mwenye mashine? Mchungaji aliyeezekewa kanisa na mwenye kamari atahubirije juu ya kamari?

2. Mkristo agombeaye. Atangaze mbele ya watu wote, kabla ya kampeni kuanza, kwamba hatapokea kitu kwa mwenye kamari wala kwa mwenye baa. Ahadi ya hadharani humsaidia siku ya majaribu, kwa kuwa aweza kujibu, "Nimekwisha kusema mbele ya watu, siwezi kurudi nyuma."

3. Mpiga kura. Uchaguzi wa vijiji ulifanyika Novemba 2024, na wa madiwani Oktoba 2025. Mtu asiseme basi yamekwisha mpaka miaka 5 ijayo. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila baada ya miezi 3. Hapo mwanachi ana haki ya kuuliza: Katika kijiji chetu mashine za kamari ni ngapi? Zina leseni? Ni nani aliyekagua kama watoto huingia? Maswali haya hayamshitaki mtu, lakini mtu aliyefungwa mdomo hujulikana kwa jibu lake.

4. Juu ya maneno ya kusingizia. Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Basi tusimwite mtu mla rushwa kwa kuwa tu amenunua pikipiki mpya. Mwenye ushahidi aupeleke kwa TAKUKURU. Asiye na ushahidi aulize maswali, asieneze uvumi. Mwivi hufurahi sana uvumi unapozidi, maana kweli hupotea katikati yake.

5. Juu ya wachezaji na wenye mashine. Tusisahau kwamba Kristo alikufa kwa ajili yao. Kijana aliyepoteza mshahara wake hahitaji kupigwa kelele mbele ya watu. Amehitaji mzee wa kanisa atakayeketi naye, amsaidie kuitunza fedha yake katika kikundi cha kuweka akiba. Naye mwenye mashine akija kanisani, apokewe kama Zakayo alivyopokewa na Bwana. Zakayo hakumpa Bwana mchango ili apate kuendelea na kazi yake. Aliwarudishia wale aliowanyang'anya.

Maulizo kwa vikundi vya kujifunza

1. Torati yasema zawadi hupofusha watu wa namna gani? Kwa nini jambo hili lamwonya hasa mtu mwema?

2. Feliki hakupokea fedha. Kosa lake lilikuwa nini?

3. Abramu aliogopa mfalme wa Sodoma asije akasema neno gani? Ni zawadi zipi siku hizi zifananazo na ile?

4. Eleza tofauti kati ya takrima iliyobatilishwa mwaka 2006 na mchango wa mwenye kamari kwa mgombea. Ni wapi yafanana?

5. New Jersey waliweka sheria kabla ya kufungua kasino. Pennsylvania sheria yao ilianguka. Tujifunze nini kwa kila mmoja?

6. Katika mtaa wenu, ni nani awezaye kuuliza maswali katika mkutano mkuu wa kijiji ujao? Mchagueni, mmwombee, na mwende pamoja naye.

Ndugu, kila siku twaomba mkate wetu. Tukumbuke kwamba katika ombi hilo tumemwomba Mungu mwenyekiti mwaminifu na diwani asiyefungwa mdomo. Tuombe hivyo tukijua tunaloliomba, kisha tutende kama watu walioomba. Bwana awe nanyi.